Kuchapa tishu hai: Upepo kwanza, ndoto baadaye

Mashine za kuchapa tishu hai zimekuwa zikizungumzwa kana kwamba ni muujiza. Lakini kwa mkulima aliyewahi kubeba bomba la dawa mgongoni, kichwa chake cha kuchapia si kigeni. Hewa iliyogandamizwa husukuma ute uliomo katika bomba la sindano, nao hutoka kwenye ncha nyembamba kama uzi.

Ute huo mara nyingi ni jelatini, itokanayo na ngozi na mifupa ya mifugo, au alijineti ya mwani wa kahawia, iliyochanganywa na chembe hai. Presha ikizidi, chembe hufa. Ikipungua, ute hautoki. Ndiyo maana fundi huanza na presha ndogo na kuipandisha taratibu. Ncha ikiziba, dawa si kuongeza upepo. Aangalie joto kwanza, kwani jelatini huganda ikipoa. Hewa nayo ichujwe maji na mafuta ya kompresa.

Kwa hiyo taasisi zinazonunua mashine hizi zisimalize fedha kwenye chombo na kusahau kidhibiti cha presha, chujio na mafunzo.

Wafugaji nao wasidanganywe kwamba hapo pana soko kubwa la ngozi. Kiasi kinachotumika ni kidogo mno, na maabara hununua jelatini iliyosafishwa, si ngozi mbichi. Faida iko kwenye usindikaji. Anayeuza ngozi mbichi na kuagiza jelatini kutoka nje ni sawa na anayeuza mahindi shambani kisha akanunua unga dukani.