Swali Bovu Halina Jibu Sahihi

Tanzania ilipata uhuru mwaka gani? Swali hili halikosekani katika mashindano ya chemsha bongo, ya redioni na ya shuleni, na jibu linalosubiriwa ni 1961. Anayelitoa hupewa alama na makofi. Lakini tarehe 9 Desemba 1961 hapakuwa na nchi iitwayo Tanzania. Iliyopata uhuru siku hiyo ni Tanganyika. Zanzibar ilipata wake tarehe 10 Desemba 1963, Mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964, nchi hizo mbili zikaungana tarehe 26 Aprili, na jina la Tanzania likaja rasmi Oktoba mwaka huohuo. Mshindani anayeyajua yote hayo yumo taabani kuliko mwenzake aliyekariri tarakimu moja. Akisema 1961, anatoa jibu ambalo anajua lina walakini. Akianza kufafanua, kengele inamlilia. Msomi anakosa alama na kasuku anazoa, na mwenye makosa ni aliyetunga swali.

Ninachodai ni kwamba swali la historia si chombo kitupu kinachosubiri kujazwa jibu. Swali lenyewe limekwisha kusema jambo kabla mshindani hajafungua kinywa: kwamba tukio fulani lilitokea, kwamba lina mhusika mmoja, kwamba lilianza na kwisha siku inayojulikana. Likiwa limesema uongo, jibu lolote litakalopewa alama litaupitisha uongo huo kwa msikilizaji, tena ukiwa na muhuri wa makofi. Kwa hiyo mtunga maswali anapaswa kuhakiki swali lake kwa makini yaleyale anayohakikia jibu. Wengi huhakiki jibu tu.

Chukua swali linalopendwa sana pwani: nani alimwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India mwaka 1498? Jibu la mazoea ni Ahmad ibn Majid, nahodha na mwandishi mashuhuri wa elimu ya bahari kutoka Julfar, upande wa Ghuba. Ni jibu tamu, maana linamkutanisha baharia mkubwa wa Ulaya na baharia mkubwa wa Kiarabu katika merikebu moja. Ubovu wake ni ushahidi. Wareno waliokuwamo safarini hawakumtaja Ibn Majid, na mwandishi wao wa baadaye, João de Barros, anamtaja rubani huyo kuwa mtu wa Gujarat. Madai ya Ibn Majid yametoka kwa Qutb al-Din al-Nahrawali, aliyeandika huko Makka miongo mingi baada ya safari ile, na watafiti wengi wa leo hawayakubali. Lakini swali halihitaji kutupwa, linahitaji kutengenezwa. Ulizeni: Vasco da Gama alipata rubani wa kumvusha hadi India katika mji gani wa Afrika Mashariki? Malindi. Jibu ni moja, halibishaniwi, na linafungua mlango wa swali linalofuata: kwa nini Malindi na si Mombasa, alikofika siku chache kabla na kupokewa kwa uhasama? Hapo msikilizaji anaanza kuona siasa za miji miwili iliyokuwa ikishindana.

Hata tarehe zinazoonekana kuwa mwamba hutikisika swali linapokosa mipaka. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vilikwisha lini? Kadi itasema 11 Novemba 1918. Ni kweli kwa Ulaya, ambako mapatano ya kusitisha mapigano yalitiwa saini siku hiyo. Huku kwetu, jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, ambalo wengi wa askari wake walikuwa Waafrika, lilikuwa bado linapigana katika Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Lilisalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, tarehe 25 Novemba, wiki mbili baadaye. Anayeuliza bila kutaja mahali amekwisha kuamua kwamba saa ya dunia ni saa ya Ulaya, na askari na wapagazi wa bara hili hawamo katika hesabu. Maneno mawili tu, “huko Ulaya” au “Afrika Mashariki”, yangeondoa utata wote.

Watakaopinga watasema kwamba chemsha bongo ni burudani, si mhadhara wa chuo kikuu. Kipindi kina dakika zake na washindani wana sekunde zao, na jibu lazima liwe fupi. Nakubali yote hayo. Lakini ufupi wa jibu haujawahi kuwa kikwazo cha ukweli. Ulizeni: wananchi wa Umatumbi walianzisha upinzani wa Maji Maji mwaka 1905 kwa kung'oa mimea ya zao gani? Pamba. Ni neno moja, nalo limebeba chanzo kizima, yaani kilimo cha kulazimishwa chini ya utawala wa Wajerumani. Au ulizeni: siku Tanganyika inapata uhuru, mkuu wa nchi alikuwa nani? Wengi watamtaja Mwalimu Nyerere, kumbe yeye siku hiyo alikuwa Waziri Mkuu. Mkuu wa nchi alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili, na hali ikabaki hivyo mpaka Jamhuri ilipotangazwa tarehe 9 Desemba 1962. Swali kama hilo linasisimua kuliko la kukariri, kwa sababu linamshtua hata anayejiona anajua. Burudani na usahihi hazigombani hapo.

Wapo pia watakaosema kwamba haki kwa washindani inadai jibu la kitabuni, kwani ndilo wote walilosoma. Hoja hii ina uzito, lakini vitabu vyenyewe havikubaliani. Vita vya Waingereza na Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896, vinavyotajwa kuwa vifupi kuliko vyote duniani, vimeandikwa kuwa vya dakika 38, dakika 40 na hata 45, kutegemea mwandishi anahesabu kuanzia lini mpaka lini. Kumnyang'anya mtu ushindi kwa tofauti ya dakika mbili ambazo waandishi wenyewe hawajazimaliza ni dhuluma. Isitoshe, dakika si kiini cha mkasa. Kiini ni kwamba Khalid bin Barghash alikalia kiti cha Usultani bila idhini ya Waingereza, na manowari zao zikapiga kasri. Watu wapatao 500 wa upande wake waliuawa au kujeruhiwa, ilhali upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Swali la nani alikalia kiti bila idhini ya nani lina jibu lisilo na mzozo, na ni la haki kwa kila aliyesoma kitabu chochote.

Wenye vipindi wanaweza kuanza na mambo matatu yasiyo na gharama. Kila swali litaje mahali na wakati wake. Maswali ya “wa kwanza”, “mkubwa kuliko wote” na “mfupi kuliko vyote” yasipite bila kusomwa na mtu wa pili anayeijua historia hiyo. Na mwendesha kipindi, baada ya kutoa alama, asome sentensi moja ya sababu, kwa faida ya maelfu wanaosikiliza bila kushindania chochote. Hao ndio wengi, na kwao jibu la kwenye kadi huenda likawa ndilo somo pekee la historia watakalolipata wiki hiyo.