Kazi Iliyoanza Baada ya Kampala Kuanguka

Marehemu Jenerali David Musuguri, aliyefariki dunia Oktoba 2024, hukumbukwa zaidi kwa kuiongoza Divisheni ya 20 ya JWTZ mpaka Kampala, mji ulioanguka Aprili 11, 1979. Sifa hiyo ni haki yake. Alijiunga na jeshi la mkoloni, KAR, mwaka 1942; nduli Idi Amin naye alitoka katika jeshi hilo hilo. Shule moja ya bunduki, wanafunzi wawili.

Lakini mara nyingi habari za Vita vya Kagera hufungwa siku hiyo ya Aprili, kana kwamba kesho yake majeshi yaligeuka yakarudi makwao. Haikuwa hivyo hata kidogo. Mapigano yaliendelea hadi Juni, askari walipoufikia mpaka wa Sudan, na maelfu yao wakabaki Uganda hadi mwaka 1981. Musuguri mwenyewe alikabidhiwa Ukuu wa Majeshi mwaka 1980, mzigo huo ukiwa bado haujatuliwa.

Na ulikuwa mzigo wa namna gani! Ofisa aliyefunzwa kuteka kilima alijikuta akilinda maghala na barabara katika nchi ambayo polisi wake walikwisha kutawanyika. Serikali alizotumwa kuzilinda hazikudumu: Lule alikaa siku 68, Binaisa hakutimiza mwaka, ikafuata Tume ya Kijeshi, kisha uchaguzi wa Desemba 1980 uliozua ugomvi mpya. Katika mvutano wote huo mgeni mwenye silaha hapendwi kwa muda mrefu, hata kama aliingia kwa vigelegele.

Wapo askari waliojichafua kwa uporaji na magendo. Kulificha jambo hilo ni kuwadhulumu wenzao waliotunza nidhamu mwezi baada ya mwezi, mbali na wake na watoto, huku Tanzania ikibeba karibu gharama yote wakati uchumi wake wenyewe ukiyumba.

Ofisa aliyekuwa na umri wa miaka 25 wakati ule sasa amepita 70. Wengi wamo vijijini na mijini, jirani kabisa na shule. Walimu wa historia wawaalike wangali hai, na wasiwaulize tu jinsi Kampala ilivyotekwa. Wawaulize pia nani alikuwa akiamua kesi ya mwizi huko Uganda mwaka 1979, na kwa sheria ipi.