Waliofukuzwa Nyumbani, Wakarudi Wakiwa Sanamu

Mwezi Mei mwaka 2024, katika jengo la bunge la jimbo la Nebraska, Marekani, ilizinduliwa sanamu ya Malcolm X. Tume inayosimamia Ukumbi wa Heshima wa jimbo hilo ilikuwa imemteua mwaka 2022, baada ya jina lake kupendekezwa na kukataliwa hapo kabla. Ukumbi huo ulianzishwa mwaka 1961, naye ndiye mtu Mweusi wa kwanza kuingizwa humo. Wengi walishangilia. Mimi nilijiuliza: jimbo hili linajivunia nini hasa?

Nebraska ni jimbo la mahindi na ng'ombe. Kwa sensa ya 2020 watu wake hawakutimia milioni mbili. Mahali pa namna hiyo hupenda sana kuorodhesha watu wake mashuhuri, na si jambo la kucheka. Asiyetajwa na miji mikubwa hutafuta ushahidi kwamba naye yupo. Nasi tunayo desturi hiyo: akiteuliwa waziri, kabla hajala kiapo, watu wa wilaya yake wamekwisha kusema "mwana wetu".

Lakini ni nani mwana wa mahali? Seneta George Norris, aliyepigania sheria ya mwaka 1936 ya kupeleka umeme vijijini, alizaliwa Ohio. Mwandishi Willa Cather, aliyewajulisha walimwengu maisha ya wakulima wa Nebraska, alizaliwa Virginia akaletwa huko akiwa mtoto. William Jennings Bryan, aliyegombea urais mara tatu akashindwa zote, alitoka Illinois. Hao wote walipokewa, wakalelewa au wakachaguliwa, na jimbo lina haki ya kusema liliwatengeneza.

Malcolm hakutengenezwa hivyo. Alizaliwa Omaha tarehe 19 Mei 1925. Miaka sita kabla yake, mwaka 1919, kundi la watu katika mji huo lilichoma jengo la mahakama ili limpate mtuhumiwa Mweusi, Will Brown, likamuua. Baba yake Malcolm alikuwa mhubiri na mfuasi wa Marcus Garvey. Kwa simulizi aliyoiacha Malcolm mwenyewe, wapanda farasi wa Ku Klux Klan waliizingira nyumba yao mama akiwa na mimba yake, wakiitaka familia iondoke mjini. Mtoto hajatimiza miaka miwili, wakahama. Oktoba 1964 alipofika Dar es Salaam alipokewa na Mwalimu Nyerere. Desemba mwaka huo Abdulrahman Babu alisimama Harlem kuhutubia mkutano wake. Mwaka 1965 Malcolm aliuawa, na mwaka huohuo nyumba ile ya Omaha ilibomolewa, wenyewe wasijue ni ya nani.

Yupo mwingine aliyemtangulia katika njia hiyo. Mwaka 1877 serikali ya Marekani iliwahamisha watu wa Ponca kwa nguvu kutoka nchi yao kando ya mto Niobrara, ikawapeleka kusini, mahali ambapo leo ni Oklahoma. Mkuu wao, Standing Bear, alifiwa huko na mwanawe. Akafunga safari katika majira ya baridi kuurudisha mwili wa kijana kwao, akakamatwa kwa kosa la kuondoka alikowekwa. Mwaka 1879 mahakama iliyoketi Omaha iliamua kwamba Mhindi Mwekundu naye ni mtu mbele ya sheria. Hebu pima uzito wa jambo hilo: ilihitajika hukumu ili mtu ahesabiwe mtu. Mwaka 2019 Nebraska ilimwondoa Bryan katika bunge la Washington, ikasimamisha hapo sanamu ya Standing Bear.

Wako watakaosema kuchelewa si kukosa, na wajukuu wasilipizwe ya mababu. Sina ugomvi na sanamu. Ugomvi wangu ni na kile kibao cha chini yake. Ukiandika "alizaliwa hapa" ukaacha "akafukuzwa hapa", umegeuza mateso yake kuwa mali yako, tena mali ya kuvutia watalii. Kibao cha Malcolm kingepaswa kutaja usiku ule wa wapanda farasi, na cha Standing Bear kitaje waliompeleka kusini.

Ubaya wa kunyamaza unaonekana katika tarehe. Standing Bear aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Nebraska miaka ya 1970. Wakati huo watu wa Ponca wa jimbo hilo hawakuwepo kisheria: katika miaka ya 1960 serikali ya shirikisho ilikuwa imefuta utambuzi wao kama kabila. Mkuu alikuwa na sanamu ukumbini, na watu wake hawakutambuliwa tena hadi mwaka 1990.