Kampuni Kubwa, Mkataba wa Nani?

Kaa kwenye kimbweta chochote jioni, semista ya mwisho ikiwa inaelekea ukingoni, usikilize stori. Wa uhasibu wanataja mabenki na TRA. Sisi wa kompyuta tuna majina yetu: Google, Microsoft, Meta. Hata jamaa ambaye hawezi kuandika programu ya kujumlisha namba mbili bila kuchungulia desa anaitaja Google kama vile ni stendi ya Mwenge, unapanda tu gari unashuka.

Siwacheki, maana na mimi nimo. Na tuseme ukweli, faida zipo. Microsoft ilifungua kituo cha wahandisi wa programu Nairobi mwaka 2019. Google nayo ikatangaza mwaka 2022 kwamba inaweka kituo cha kutengeneza bidhaa zake mji huohuo. Aliyeingia mle kama mwajiriwa anapata mshahara unaofika tarehe yake, bima, vifaa vya maana, na kazi yake inakaguliwa na watu waliojenga vitu ambavyo sisi tunavisoma kwenye slaidi. Hata akiachishwa hatoki mikono mitupu. Novemba 2022 Meta ilipunguza wafanyakazi zaidi ya 11,000, na wale wa Marekani waliahidiwa mshahara wa wiki 16, na wiki mbili za ziada kwa kila mwaka waliofanya kazi. Inauma, ndiyo. Lakini mwambie hivyo mwenzangu aliyefanya fildi wiki nane bila hata nauli.

Kero za huko ndani tunazijua kidogo: unakuwa skrubu moja kwenye mashine kubwa, na maamuzi yanatoka mbali. Mwaka 2024 Microsoft iliamua kufunga shughuli za kituo kama hicho kilichokuwa Lagos. Hizo ni kero za mtu aliye ndani, anayejua mwajiri wake ni nani. Kinachonisumbua mimi ni geti la pili, kwa sababu ndilo lililo wazi zaidi kwetu.

Kwa miaka kadhaa, hadi mwanzoni mwa 2023, maudhui ya Facebook kutoka nchi nyingi za Afrika yalikuwa yanachujwa Nairobi. Vijana wanakaa mbele ya skrini, wanatazama video za watu kuchinjwa, kubakwa, kujiua, ili wewe na mimi tusizione. Kazi ni ya Meta, mfumo ni wa Meta, lakini mkataba ni wa kampuni nyingine, inaitwa Sama. Jarida la TIME liliandika mwaka 2022 kwamba baadhi yao walikuwa wakipata kama dola 1.50 kwa saa. Mwaka uliofuata likaandika kuhusu kazi nyingine ya kampuni hiyohiyo, ya kusoma matini chafu ili kuifundisha ChatGPT isiseme maneno hayo. Vijana walibaki na kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa, wakati mkataba wa OpenAI na Sama ulikuwa wa dola 12.50 kwa saa.

Sasa weka hilo kando ya zile wiki 16. Januari 2023, miezi miwili tu baada ya tangazo la Marekani, wachujaji wa Nairobi nao waliambiwa kazi imekwisha. Machi baadhi yao wakaenda mahakamani, na baadaye idadi ikafika watu 184. Jibu la Meta lilikuwa kwamba yenyewe siyo mwajiri wao, na kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu ya kampuni ya nje. Fikiria: unaitazamia kampuni miili iliyokatwa vipande mwaka mzima, halafu inakwambia haikujui. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilisema Meta inaweza kushtakiwa hapo. Desemba mwaka huohuo zikawasilishwa ripoti za daktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, zikionyesha kwamba wachujaji zaidi ya 140 wana maradhi ya akili yanayotokana na kiwewe.

Utasema hayo ni ya Nairobi. Haya, twende Kerege.

Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alimaliza diploma, akakosa kazi, akajiunga na mtandao mmoja wa kufanya vibarua kwenye kompyuta. Kazi yake ilikuwa kuchora maboksi kuzunguka magari na taa za kuongozea magari kwenye picha za mitaa yenye theluji. Kutoka nyumbani hadi zilipo taa za namna hiyo ni safari ya daladala, lakini yeye kwa taa hizo alikuwa profesa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, imekula kwake. Bando analipa mwenyewe. Hata hivyo miezi ile alimnunulia bibi dawa na akaezeka jiko, na sitaki mtu aliyeko hosteli na bumu lake amwambie ile haikuwa kazi. Siku moja akaunti ikafungwa. Hakuna barua, hakuna namba ya kupiga. Hakujua hata zile picha zilikuwa za kampuni gani.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, likizo ya siku 28, na haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Lakini inakupa wewe mfanyakazi. Ukisaini karatasi inayokuita "mkandarasi huru", kazi ya kwanza ni kuthibitisha kwamba na wewe ni mfanyakazi.

Ndiyo maana serikali yetu ya wanafunzi inanikwaza kidogo. Kila siku ya ajira tunapanga viti, tunapiga picha na mabango, tunagawa sivii. Sijawahi kusikia mtu akishika maiki na kumuuliza mgeni: mkataba unasainiwa na nani, na nikiumwa kwa ajili ya kazi namdai nani? Wenzetu wa sheria wapo, wanatafuta mazoezi. Wapeni meza moja hapohapo, mtu alete karatasi yake isomwe kabla hajasaini.

Wiki iliyopita kaka amenitumia mkataba mpya kwa WhatsApp, kurasa tisa. Safari hii ni kuchuja video, kwa Kiswahili. Nimeusoma kwenye daladala kutoka Bunju nikiwa nimesimama. Jina la mtandao wenyewe ambao video zake atazichuja halimo popote. Lakini kuna kifungu kinachomkataza kusimulia alichokiona, hata kwa familia. Anatakiwa kurudisha saini Jumatatu, kwa hiyo Jumamosi naenda Kerege na rafiki yangu wa mwaka wa nne sheria, tukae naye barazani.