Filamu ya amani ilikwisha, mama akauliza juu ya shamba

Ijumaa moja jioni, katika kambi ya watu waliokimbia vita karibu na Bunia, shirika moja lilileta sinema. Walifunga shuka nyeupe kati ya miti miwili, wakawasha jenereta. Watoto wakakaa chini mbele, wamama nyuma yao, wapapa wakasimama pembeni, mikono mifukoni, kama watu wanaopita tu. Filamu haikuwa ndefu. Vijiji viwili vinagombana, mzee mmoja anasimama kati, anaongea juu ya amani, watu wanashikana mikono, muziki unapigwa. Kisha animateri akachukua mikro, akauliza: "Filamu imetufundisha nini?" Watoto wakajibu kwa sauti moja: "Amani!" Wakapewa biskuti. Picha zikapigwa za kuweka ndani ya ripoti, na gari likaondoka.

Nilikuwa nimekaa karibu na mama mmoja ambaye yuko kambini tangu miaka mingi. Aliniuliza kwa sauti ndogo: "Mwanangu, wewe ni mtu wa redio. Yule mzee wa kwenye filamu, shamba lake liko kwa nani sasa?"

Sikuwa na jibu. Katika filamu ile hakuna mtu aliyekuwa na shamba. Hakuna aliyenyang'anywa ng'ombe, hakuna aliyekuta mtu mwingine analala ndani ya nyumba yake. Walikuwa wanagombana tu, bila sababu, kama watoto.

Kesho yake, Jumamosi, nilipita kwenye kibanda cha video kando ya barabara. Kiingilio ni franka 300. Ilikuwa filamu ya Nigeria, na mtu anaisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti zao. Mume amekufa, ndugu zake wanakuja kumfukuza mjane nyumbani. Binti ya yule mama wa Ijumaa alikuwa mle ndani. Pesa yake ilitoka katika makala aliyouza asubuhi. Filamu ilipokwisha hakuna aliyeleta mikro. Lakini watu walitoka nje wakibishana, wamama upande huu, vijana upande ule. Walianza na mjane wa Lagos, wakafika kwa mjane wa kambini, wakafika kwa mashamba yaliyobaki kule nyuma. Walibishana mpaka giza likawafukuza.

Wasikilizaji wapenzi, nimefikiri sana juu ya siku hizo mbili. Filamu iliyotengenezwa kwa ajili yetu ilitupita juu ya kichwa, na filamu iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wengine, mbali kabisa, ikatuingia moyoni. Kwa nini?

Maoni yangu ni haya: mahubiri yaliyovalishwa nguo za waigizaji hayawi mchezo. Mchezo wa kweli unampa mtazamaji mtu anayefanana naye, mwenye shida inayofanana na yake, halafu unamwacha afikiri. Mambo haya yamechunguzwa, na mengine yamechunguzwa hapa hapa mashariki mwa Congo.

Kufundishwa kwa sinema si jambo jipya kwetu. Katika miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, padri mmoja wa kimisionari, Albert Van Haelst, alitengeneza kule Kasai filamu za kuchekesha za Matamata na Pilipili. Watu walicheka sana. Lakini aliyeshika kamera ndiye aliyejua jibu, na aliyeonyeshwa ndiye aliyepaswa kujifunza. Nikitazama filamu nyingi zinazoletwa kambini leo, naona kamera imebadilika na wenye kamera wamebadilika, lakini ule mpangilio ungali pale pale.

Kule Meksiko, mwaka 1975, mtu wa televisheni aitwaye Miguel Sabido alijaribu njia nyingine. Alitoa novela iliyoitwa Ven conmigo, kwa ajili ya kuwatia moyo watu wazima warudi kujifunza kusoma. Sabido aligawa watu wa mchezo wake katika makundi matatu: wema, wabaya, na wale wa katikati. Kwake yeye wa katikati ndiye nguzo ya mchezo. Huyu anasitasita, anakosea, analipia kosa lake, anasimama tena. Mtazamaji hatembei na mtakatifu, wala hatembei na shetani. Anatembea na huyu wa katikati, kwa sababu ndiye anayefanana naye.

Jirani zetu wa Tanzania walichukua njia hiyo. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati. Ndani yake kulikuwa na Mkwaju, dereva wa lori aliyekuwa na wanawake njiani na ambaye mwisho wake ulikuwa UKIMWI. Mke wake, Tunu, alikuwa mtu wa katikati: alivumilia, akachoka, akaanza kusimama kwa miguu yake mwenyewe. Miaka ya kwanza eneo la Dodoma liliachwa bila mchezo huo makusudi, ili watafiti walinganishe waliosikia na wasiosikia. Waliosikia walionyesha mabadiliko, kwa mfano katika kupanga uzazi. Hakuna aliyewapa biskuti. Walitaka tu kujua Mkwaju atafika wapi.

Sasa tukaribie nyumbani. Mwaka 2004, nchini Rwanda, shirika la Radio La Benevolencija lilianzisha mchezo wa redio Musekeweya. Vijiji viwili, Bumanzi na Muhumuro, vinafarakana. Kijana Shema na msichana Batamuriza, kila mmoja wa kijiji chake, wanapendana. Angalieni: katika mchezo ule ardhi ipo. Njaa ipo. Kuna viongozi wanaochochea, na kuna vijana wanaowapinga.

Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alifuata wasikilizaji wa mchezo huo kwa mwaka mmoja, akawalinganisha na wengine waliosikiliza mchezo juu ya afya. Matokeo yake yaliyotoka mwaka 2009 yanapaswa kusomwa na kila anayeleta sinema kambini. Yale watu waliyoyaamini moyoni hayakubadilika sana. Kilichobadilika ni namna walivyoona mambo ya kawaida katika jamii yao: watu wa hapa wanafanya nini, nini kinakubalika, je, mtu anaweza kusema "hapana" mbele ya wenzake. Mwishoni kila kikundi kilipewa redio ya kaseti pamoja na kaseti za mchezo. Waliosikiliza juu ya afya waliamua haraka kwamba chombo kikae kwa kiongozi wa mtaa. Waliosikiliza Musekeweya walibishana. Mtu akapinga, mwingine akajibu, na mwisho wakaamua kukitunza kwa pamoja.

Kwangu mimi kule kubishana ndiyo faida kubwa ya mchezo. Mchezo hauwezi kukuambia umpende jirani yako. Unaweza kukuonyesha kwamba hauko peke yako katika kumkataa mchochezi.

Lakini kuna upande wa pili, na huu unanihusu mimi mwenyewe. Mtafiti huyo alifanya kazi pia kwetu, mashariki mwa Congo, na alitoa matokeo mwaka 2010. Mahali pamoja mchezo wa redio ulirushwa peke yake. Mahali pengine ulifuatwa na kipindi cha kuwahimiza wasikilizaji wajadiliane. Sote tungedhani kwamba penye majadiliano ndipo patakuwa na maelewano zaidi. Ikawa kinyume. Waliosikia kipindi hicho walijadiliana zaidi, ndiyo, lakini walikuwa na malalamiko mengi zaidi na uvumilivu mdogo zaidi. Watu walipewa chumvi kama zawadi, wakaulizwa kama wangetoa sehemu yake kwa watu wa jamii wasiyoipenda. Waliosikia kipindi cha majadiliano ndio waliokataa zaidi.

Niliposoma jambo hilo nilinyamaza, kwa sababu mimi nimewahi kufanya kosa hilo hilo. Nilipoanza kazi, katika redio ambayo sitaitaja, tulirusha teatre fupi juu ya ndoa kati ya jamii mbili. Baada ya teatre nilifungua simu. Mtu wa kwanza alisema vizuri. Wa pili alianza na maneno "watu wale." Wa tatu alitaja kijiji na siku nyumba zilipochomwa. Nilikata simu ya nne, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka, na redio hairudishi neno. Jioni ile kijana mmoja niliyemfahamu aliniambia kwamba mama yake amemkataza kupita sokoni upande wa jamii ile nyingine. Hakuna aliyepigwa, namshukuru Mungu. Lakini teatre yangu ya upendo ilikuwa imefunga njia ya soko.

Tangu siku hiyo najua kwamba kuzungumza si dawa yenyewe. Mazungumzo ni kama moto wa jikoni: yanahitaji mafiga na mtu wa kuyaangalia.

Sasa mtu ataniuliza: watu hawana chakula, shitingi zinavuja, wewe unaongea juu ya sinema? Namwelewa. Lakini sinema iko kambini tayari, iwe tumeiomba au hatukuiomba. Iko kwenye kibanda cha video, iko kwenye simu za vijana. Steven Kanumba wa Tanzania alipofariki Aprili 2012, video ya mtaa wetu ilionyesha filamu zake usiku kucha, na watu wasiowahi kufika Dar es Salaam walilia kama wamefiwa na ndugu. Teatre za Kinshasa nazo zinatufikia, zile ambazo mara nyingi shida ya nyumba inaishia kwa mchawi na pasta. Mtoto wa kambini anajifunza kila siku kutoka kwenye picha hizo nani wa kulaumiwa. Kwa hiyo swali lililobaki ni hadithi ipi imfikie, na itoke kwa nani.

Na tusiseme kwamba Wacongomani hawawezi. Mweze Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, alishirikiana na Benoît Lamy kutengeneza La Vie est belle mwaka 1987, Papa Wemba akiwa ndani, na nchi nzima ikajiona ikicheka na kuimba. Mwaka 1999 alishinda tuzo kubwa ya FESPACO kwa filamu yake Pièces d'identités. Dieudo Hamadi wa Kisangani aliwafuata kwa kamera watu waliojeruhiwa katika vita vya siku sita, Juni 2000, wakishuka mto kwa mashua mpaka Kinshasa kudai haki yao. Filamu hiyo, En route pour le milliard, ilichaguliwa kwenye tamasha la Cannes mwaka 2020. Ndani yake wahanga wenyewe wanacheza teatre juu ya yale yaliyowapata. Hawangoji mzee mwenye hekima aje kuwasemea. Wengine wamekatwa miguu, na wanapanda jukwaani.

Kwa mashirika, kwa redio zetu, na kwa komite za kambi, naomba mambo manne.

Kwanza, hadithi iwe na shamba. Kama tunagombana juu ya ardhi, ng'ombe, dhahabu au kodi ya vizuizi, mchezo uonyeshe hayo. Msiogope kwamba watu watakumbuka. Hawajasahau.

Pili, mtu mkuu wa mchezo awe mtu wa katikati: mama anayemchukia jirani yake na bado anahitaji maji ya jirani huyo, kijana anayefikiria kwenda msituni na bado anampenda dada yake mdogo. Na watengenezwe na vijana wa hapa, kwa Kiswahili chetu, si kile cha kusomwa katika kitabu. Vijana wa kambini wana hadithi na wana simu. Wanakosa mafunzo, umeme, na mtu wa kuwalipa kama wafanyakazi wengine.

Tatu, tuandae yale yanayofuata. Vikundi viwe vidogo, viongozwe na mtu wanayemwamini, na mazungumzo yaanze na watu wa mchezo kabla ya kufika kwetu: "Yule mama angefanya nini?" Nasi wa redio tuache kufungua simu ovyo kwa sababu tu tunapenda kusikia simu zinalia.

Nne, jambo dogo ambalo si dogo: sinema iishe mapema. Msichana asirudi kwenye kibanda chao gizani, peke yake, kutoka kutazama filamu juu ya usalama wa wasichana.

Nilirudi kumwona yule mama wiki iliyofuata. Nilimwambia ukweli, kwamba sikupata jibu juu ya shamba la mzee wa filamu. Akacheka kidogo. Akasema: "Waliotengeneza hawakuuliza. Wangekuja kwangu, ningewaambia hata kona ya shamba yenye mti wa avoka. Na aliyeko pale leo namfahamu jina. Watoto wake walisoma na wangu."

Nilikaa kimya. Ndani ya maneno yale machache kulikuwa na filamu nzima: shamba, mti, jirani mwenye jina, watoto waliokaa benchi moja. Siku shuka nyeupe itakapofungwa tena kati ya miti ile miwili, natamani ianze hapo.