Tela Ikivunjika Njiani, Adabu Isivunjike

Sisi watu wa mwambao tumelelewa kwa adabu za kila mahali. Mtoto hufunzwa adabu za kuingia nyumba za watu, apige hodi na angoje kujibiwa. Hufunzwa adabu za msikitini, za siniani, na za barazani mbele ya watu wazima. Lakini adabu za njiani, za yule aliyeharibikiwa na chombo na za yule ampitaye, naona twaziacha zipotee, na kupotea kwake kwaua watu. Hilo ndilo nitakalo kulisema leo, na nitalisema kwa mfano wa kitu ambacho wengi wetu hatukitii maanani: tela.

Baharini mambo hayakuwa hivyo. Nahodha akiona chombo cha mwenzake kimevunjika foromali au kimepanda mwamba, hakuuliza ni cha nani wala kimetoka bandari gani. Alisogea, akatoa kamba, maji ya kunywa na mikono ya mabaharia wake. Alijua kuwa pepo hazichagui mtu. Leo ni kwake, kesho ni kwangu. Nchi kavu nako kulikuwa na mfano wa hayo. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka wa 1991, magari yaendayo Malindi na Lamu yalikuwa hayana budi kungoja feri. Pale watu walishuka, wakasalimiana, wakaambiana hali ya njia, na huyu akamwonya yule kuwa gurudumu lake lakaa upande. Leo twashukuru daraja, na twashukuru lami iliyofika mpaka Mokowe miaka ya karibuni. Lakini pamoja na neema hizo tumepata njia ya kupitana bila ya kuonana nyuso.

Na hizo tela zetu je? Hebu msomaji simama kando ya njia ya Malindi siku za Maulidi, au wiki za harusi. Utaziona zikipita nyuma ya magari, zimebeba masufuria ya biriani, magunia ya mchele, mikeka, magodoro na kitanda cha bibi harusi. Mwenye gari hukumbuka oili ya injini, hukumbuka maji na tairi za gari lake. Tela yenyewe hulala nyuma ya nyumba mwaka mzima, mvua yake jua lake, kuku wakitagia ndani. Siku ya safari huvutwa mbele, ikapigwa ufagio, ikajazwa mpaka springi zikalala. Kisha twasoma dua, twaondoka. Dua ni jambo jema, lakini hata ngamia hufungwa kwanza ndipo mtu akategemea.

Mwaka wa 2022, Mfungo Sita, nilikuwa abiria katika gari la mpwa wangu tukienda Lamu kwa Maulidi. Tulikuwa watu saba, na nyuma tumefunga tela ya kukodi. Kabla ya kuondoka Mombasa nilimwuliza mwenye tela kama beringi za magurudumu zimetiwa grisi. Alicheka, akasema, "Mzee, tela haina injini, itaharibika nini?"

Jibu la swali lake tulilipata tulipoipita Marereni, jua limeanza kuteremka na upande mmoja ni mashamba ya chumvi. Tulisikia mlio kama wa kinu kinachosaga mawe, na tela ikaanza kuyumba. Mpwa wangu hakupiga breki ya ghafula. Aliinua mguu kwenye mafuta pole pole, akaushika usukani sawasawa, akaliacha gari lipunguze mwendo lenyewe mpaka likatoka lamini. Gurudumu la kulia lilikuwa limelala upande kama mguu uliotenguka. Beringi imesagika, na grisi hakuna hata ya kupaka ncha ya kidole.

Magari niliyoyahesabu yakitupita yalikuwa kumi na tisa. La ishirini lilikuwa lori la chumvi likishuka kwenda Mombasa. Dereva alisimama bila ya kupungiwa mkono. Hatukutaka kulifungua gari letu, kwani taa zake ndizo zilizotulinda giza likiingia, kwa hivyo alimchukua mdogo wake mpwa wangu, pamoja na beringi iliyovunjika, akampeleka kwa fundi wa jua kali Gongoni. Tulipotaka kumpa chochote alikataa. "Mzee wangu, hata mimi hulala njiani," alisema, akaenda zake.

Nimeitaja beringi iliyovunjika kwa sababu maalumu. Juu ya ukingo wake huchorwa nambari, na kwa nambari hiyo muuza vipuri hukupa ya kipimo kile kile. Atakayeenda dukani mikono mitupu akieleza kwa maneno tu, huenda akarudi na isiyoingia. Na kwa kuwa yaliyotupata sisi yaweza kumpata yeyote, haya hapa ninayowausia jamaa zangu.

Tela ikiharibika, jambo la kwanza ni watu, mzigo baadaye. Chombo kitoke lamini kadiri kiwezavyo. Abiria washuke upande ulio mbali na magari, wakae mbali na tela. Mara ngapi tumewaona akina mama na watoto wameketi kwenye kivuli cha chombo kilichoharibika, migongo yao imeelekea barabarani? Kivuli kile ni mtego. Zile pembetatu nyekundu zing'aazo ziwekwe nyuma, hatua 100 au zaidi, si chini ya tela yenyewe. Gari liendalo kwa kasi halisimami kwa hatua kumi.

Pili, kabla ya jeki kuinua chochote, magurudumu yaliyo mazima yazuiwe kwa mawe, ya gari na ya tela pia, na nati za gurudumu bovu zilegezwe lingali chini. Jeki ikitiwa mchangani huzama, kwa hivyo yataka kipande cha ubao chini yake. Wala tela isifunguliwe kutoka kwenye gari ikiwa imejaa, kabla ya kujua uzito umelala wapi. Ikiwa mzigo umerundikwa nyuma, ile shingo ya tela huruka juu ikampiga mtu kidevuni.

Huko kurundika nyuma ndiko kunakoifanya tela iyumbe hata ikiwa nzima. Mizigo mizito yapasa kukaa juu ya ekseli na kuelekea mbele kidogo, na myepesi ndiyo ifuate. Na msafiri akifika Mtwapa, kisha Kilifi, ashuke asogeze mkono kwenye vitovu vya magurudumu ya tela. Kitovu kikiwa cha moto hata mkono haukaribii, beringi yaomba msaada. Kazi hiyo haichukui muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, na ukuta wa njiani hujengwa usiku, kwa tochi, na mbu juu yake.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Usiku ule, kama saa mbili, tulisikia kishindo nyuma yetu. Kijana wa bodaboda alikuwa amegonga jiwe katikati ya njia, akaruka, akaanguka. Jiwe lile halikuwa letu. Pembeni yake palikuwa na mengine matatu na matawi ya miti yaliyokwisha kukauka, na doa la oili lililofunikwa vumbi. Mtu aliharibikiwa pale siku nyingi kabla yetu, akaweka mawe na matawi kuwaonya wenziwe, akatengeneza gari lake, akashukuru Mungu, akaondoka. Onyo aliloweka likabaki kuwa mtego. Tuliizuia tela, tukalifungua gari, na mpwa wangu akamkimbiza yule kijana kwenye matibabu. Mguu wake ulikuwa umevunjika mahali pawili. Jamaa zake walituambia baadaye kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiwalisha wadogo zake.

Hebu tulitazame jambo hili kwa makini. Aliyeacha mawe yale hakuwa mtu mwovu. Pengine alikuwa mtu mwema aliyechoka, ana haraka ya kufika kwake. Alipokuwa na shida aliikumbuka njia, akaomba isimdhuru. Shida ilipomwondokea akaisahau. Na huo ndio ugonjwa wetu: twaona kuwa haki ya njia yaishia pale safari yetu inapoendelea. Mimi si mwanachuoni, lakini kila mtoto aliyepita chuoni amefunzwa kuwa kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Ikiwa kuliondoa jiwe lililowekwa na mwingine ni jambo la imani, basi kuliacha lile uliloliweka wewe kwa mkono wako tulipe jina gani?

Kuna watakaosema, "Maneno yako ni mazuri, lakini nani atakayesimama usiku kumsaidia asiyemjua?" Hoja hiyo siidharau. Njia ya Lamu imeona mambo. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 mabasi yalipata kusafiri kwa ulinzi wa polisi, na wako majambazi ambao hujifanya wameharibikiwa. Mwenye watoto garini, akiona gari limesimama msituni kati ya Minjila na Witu gizani, ana haki ya kuogopa, na simlaumu akipita.

Lakini kupita kuna namna nyingi. Waweza kupunguza mwendo ili upepo wako usimwangushe aliye chini ya jeki. Waweza kutoa ishara ya taa ajue kuwa ameonekana. Na ukifika kwenye kizuizi cha polisi, au kijiji cha mbele, waweza kusimama ukasema, "Kuna watu wameharibikiwa mahali fulani, wako na wanawake na watoto." Hilo halimgharimu mtu hata senti. Kati ya wale kumi na tisa waliotupita ilikuwa ingali mchana, na sikumwona hata mmoja aliyepunguza mwendo. Hofu haikuwa sababu yao. Sababu yao ilikuwa haraka, na haraka, kama tujuavyo, haina baraka.

Msafiri aliyekwama hana cheo. Huenda nyumbani kwake ni tajiri wa maduka matatu, lakini pale kando ya njia, maji yamemwishia na simu haishiki, ni ibnu sabil, mmoja wa wale wanane waliotajwa katika haki ya zaka. Kama dini imemfikiria hata akawekewa fungu katika mali, sisi twashindwa kumfikiria kwa dakika mbili za mwendo wetu?

Ombi langu ni kwa watu watatu. Wenye kukodisha tela, tieni grisi beringi zenu na mwone haya kumpa mtu chombo ambacho wenyewe hamngewapakilia watoto wenu mizigo yao. Maimamu na walimu wa chuoni, tunapokaribia misimu ya safari, lizungumzeni jambo la njia kwenye darsa zenu. Watu huwasikiliza nyinyi kuliko wanavyosoma vibao vya barabarani. Na wewe msafiri, ukimaliza kutengeneza chombo chako, usikimbilie kuwasha gari. Hesabu spana zako, hesabu watu wako, kisha uhesabu mawe. Ikiwa uliweka matano, yaondoe yote matano, uyatupe mbali na lami, na matawi nayo uyafagie kando. Halafu ondoka, na Mungu akufikishe salama.