MWINDAJI WA KWENYE TV NA MTOTO MWENYE MANATI



Ndugu yangu Muislamu, juzi baada ya Alasiri nilikaa kinyozi, Mtaa wa Sikukuu hapa Kariakoo. TV ilikuwa inaonesha kipindi cha uwindaji. Mzungu kapiga risasi, simba kaanguka, watu wakapeana mikono, kisha picha: bwana kapiga goti, kashika manyoya ya shingo, anacheka. Kijana mmoja akaguna, "Sheikh, kumbe kuwinda ni unyama." Mwenzake akajibu, "Wewe huna hela tu."

Wote wawili wamefundishwa na TV.

Uwindaji ni halali. Rejea Suratul Maida, aya ya 4, na aya ya 96 inayouharamisha wa nchi kavu kwa aliye kwenye ihramu. Adiyy bin Hatim (radhiyallahu anhu) alimuuliza Mtume ﷺ kuhusu mbwa wa kuwindia. Akafundishwa kwamba mbwa akimla mnyama yule, wewe usile, maana huenda amejikamatia mwenyewe. Tafakari hapo. Mbwa tu anaangaliwa amemkamatia nani! Je, huyu anayeua kwa ajili ya kamera?

Na simba haliwi. Mnyama mwenye meno ya kuraria, hadithi ni sahihi, imekatazwa nyama yake. Akivamia kijiji watu wajikinge, hilo halina ubishi. Lakini kumfuata porini ili upate picha ya ukutani, chakula kiko wapi?

Wapo watakaosema ada za uwindaji wa kitalii zinalinda mapori yetu. Ni hoja, siipuuzi. Ila ni hoja ya wizara na hesabu zake, haimsafishi mtu nia yake.

Tusiwanyooshee kidole Wazungu peke yao. Mwaka 2014 ilioneshwa Bungeni Dodoma video ya wanyama wakiteswa katika uwindaji hapa kwetu, na kampuni iliyohusishwa ilikuwa ikihudumia wageni kutoka Falme za Kiarabu. Waziri wa wakati huo, Lazaro Nyalandu, akaifutia vibali. Baadaye, chini ya waziri mwingine, vikarudishwa. Mimi niliona aibu. Dini yetu ndiyo iliyoamrisha kisu kinolewe ili mnyama asiteseke.

Sasa linganisha na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Upinde, mshale, kutembea kutwa, na pengine kurudi mikono mitupu. Wanachokipata kinaliwa. Kipindi cha TV kinakata kutembea, kinakata njaa, kinakata kuchuna ngozi na kugawana nyama, kinabakiza mlio na tabasamu. Basi anayetazama anadhani hilo tabasamu ndiyo kuwinda.

Na watoto wanatazama. Nilipotoka kwa kinyozi nilikuta vitoto vitatu uchochoroni na manati, vinalenga njiwa aliyevunjika bawa. Hakuna aliyetaka kumla. Mmoja kashika simu, anarekodi.

Nikamkumbuka Ibn Umar (radhiyallahu anhuma), alivyowapitia vijana wa Kikuraishi wamemfunga ndege wakimlenga kwa mishale. Walipomuona wakatawanyika, naye akawaambia Mtume ﷺ amemlaani anayekifanya chenye roho kuwa shabaha. Imo katika Bukhari na Muslim.

Wale wa uchochoroni hawakutawanyika. Walidhani nimekuja kutazama. Nikakaa nao chini, nikawasimulia kisa hicho. Njiwa tukamuweka kwenye boksi la viatu, na mwenye simu akaifuta ile video mwenyewe.

Mwanao leo anatazama nini?

Wallahu a'lam.